Mbio za Jumapili

Severina Kikoti alikuwa na miaka ishirini na sita mwaka Mbeya ilipoandaa mbio za nyika za nchi za kanda. Alizaliwa Kalenga, Iringa, kwa wazazi wakulima wa mahindi, akahamia Mbeya kufanya mazoezi na kupanga chumba Mwanjelwa. Katika mbio hizo alikuwa ameshika nafasi ya pili mara tatu mfululizo, na mara zote aliyemtangulia alikuwa Tamara, msichana wa nchi jirani. Walizoeana. Tamara alikulia karibu na mpaka, akijua Kiswahili cha kutosha kumtania mwenzake kwamba anakimbia kama mtu aliyechelewa misa.

Wiki ya mashindano serikali mbili zikakosana. Ya kwao ilizuia mchele wetu, ya kwetu ikazuia bidhaa zao. Liberatus, kaka yake Severina, mfanyabiashara wa mchele pale Chimala, alikuwa na malori mawili yamekwama mpakani. Siku tatu kabla ya mbio, nchi jirani ikatangaza kwamba timu yake haiji.

Tamara alikuwa ameshafika. Alitangulia kwa basi ili azoee baridi, na alikuwa amefikia kwa Severina. Kamati ya mashindano ilimkaribisha, ikampa chai, ikamweleza kwamba mkimbiaji asiye na timu hapewi namba.

Jumamosi Severina akashinda kilomita kumi bila mtu wa kumsumbua. Wimbo wa taifa ukapigwa, akavishwa medali. Mwandishi wa redio alipomuuliza anajisikiaje, alijibu kwamba amewashinda waliokuwepo. Tamara alikuwa nyuma ya kamba na watazamaji wengine, akipiga makofi.

Jioni, wakiwa wanapika, Severina aliuliza basi la Tamara linaondoka saa ngapi.

"Saa tano asubuhi."

"Bendera za njia hawajang'oa bado."

Tamara aliendelea kumenya viazi. Baadaye akauliza nani atashika saa.

Saa ilishikwa na mwalimu Gerson, aliyemfundisha Severina miaka mitano. Alikubali kwa shingo upande. Jumapili, jua likianza kuchomoza, wanawake hao wawili walianza kukimbia nje ya jiji, upande wa Uyole, katikati ya mashamba ya viazi. Hapakuwa na mtu mwingine isipokuwa watu wachache waliokuwa wakielekea kanisani. Walikwenda bega kwa bega hadi kilomita ya nane. Kwenye mlima wa mwisho Tamara akachomoka, Severina akamfukuza, akapunguza pengo, lakini hakumfikia. Tofauti ilikuwa sekunde sita. Severina mwenyewe alikuwa ameupunguza muda wake wa Jumamosi kwa karibu dakika nzima.

Gerson alipiga video ya mita mia mbili za mwisho. Alifurahi mno na muda wa Severina hata akamtumia kocha mwenzake. Kufikia jioni nchi zote mbili zilikuwa zimeiona. Kwao Tamara aliitwa msaliti. Kwetu waliandika kwamba bingwa amepigwa nyumbani kwake.

Severina aliitwa mbele ya kamati. Mwenyekiti alimuuliza kama alijua kwamba kuna mgogoro.

"Nilijua. Malori ya kaka yangu yako mpakani."

"Sasa kwa nini ulikimbia naye?"

"Nilitaka kujua nani ana mbio."

Alifungiwa miezi sita kwa kushiriki shindano lisilo na kibali. Medali aliachiwa. Tamara alifungiwa mwaka na chama cha kwao. Gerson alikwenda Mwanjelwa kuomba radhi, akakaa kwenye kiti bila kugusa soda aliyowekewa, na Severina akamwambia kwamba hata yeye angeituma video ile. Liberatus alikuwa mgumu zaidi. Alisema yeye anahangaika na mchele unaoharibika, na mdogo wake anacheza na watu walewale wanaouzuia. Hakumpigia simu kwa miezi miwili.

Severina alirudi Kalenga, akavuna mahindi na wazazi wake na kukimbia peke yake alfajiri. Mwezi wa nne wa adhabu yake viongozi wa nchi mbili walikutana, wakatia saini, na malori yakavuka siku hiyohiyo. Aliandika barua kuomba adhabu yake ifutwe. Akajibiwa kwamba adhabu ilihusu utaratibu wa michezo, si siasa, hivyo itaendelea. Aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaenda kupukuchua mahindi.

Aliimaliza miezi yake sita. Mwaka uliofuata, adhabu ya Tamara nayo ikiwa imekwisha, walikutana ugenini, katika nchi ya tatu, kila mmoja na jezi ya kwao. Tamara alikuwa wa tano, Severina wa saba. Baada ya mbio walikaa kwenye nyasi wakivua viatu, na Severina akamuuliza kama hapa kuna mahali wanapika wali.