Lugha Mbili, Sahani Moja

Bi Kija alikuwa amekwisha kufunga mzigo. Jumamosi angepanda basi kwenye stendi ya Buzuruga arudi kwao Magu, mguu upone usipone. Daktari alitaka akae mjini miezi mitatu kidonda kisafishwe, lakini Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu, na wajukuu zake wa hapo mjini, mtaa wa Mabatini, hawakujua hata Kisukuma cha kuombea maji. "Hapa nimekuwa bubu," alimwambia bintiye Teodora, naye Teodora akaenda kiwandani kukata minofu ya sangara huku moyo ukimuuma.

Alhamisi, huko kiwandani, Teodora akasikia habari za CD fulani. Mradi mmoja wa kilimo ulikuwa umetengeneza mchezo wa televisheni juu ya familia ya wafugaji, sehemu kumi na mbili, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma. Kisukuma kwenye televisheni! Mwaka ule wa tisini na nane maduka yalileta kila kioja, lakini hiki kilizidi. Akaazima seti nzima, akatumbukiza ya kwanza kwenye redio ya CD ya jirani. Kimya.

Fundi Iqbal, mwenye kibanda cha redio, alimcheka kidogo. Akamweleza kwamba CD zote zina umbo moja, ila hii imeandikwa picha ndani yake, na redio inajua kusoma muziki tu. Kinachotakiwa ni deki ya VCD. Akamwazima ya kwake mpaka Jumapili.

Ijumaa jioni picha ikatoka safi kabisa. Balaa likawa sauti. Watu wawili walisema kwa mpigo, mmoja Kiswahili, mwingine Kisukuma, lisisikike hata neno. Watoto wakaziba masikio. Bi Kija akainuka, akasema kwa upole kwamba basi linaondoka alfajiri, bora alale mapema.

Teodora hakukubali. Aliinama nyuma ya televisheni. Waya wa njano ulikuwa wa picha. Mweupe na mwekundu, zote za sauti. Sauti moja inataka waya mbili za nini? Akachomoa mweupe.

Kiswahili kikakatika papo hapo. Kisukuma kikabaki peke yake, kimenyooka, kimejaa sebule. Teodora alipiga kigelegele. Kumbe lugha zote mbili zimepanda sahani moja, kila moja na njia yake!

Bi Kija, aliyekwisha kushika pazia la mlango, akarudi akakaa. Kwenye picha baba mmoja alikuwa akimgombeza mwanawe kwa kupoteza ng'ombe. Bi Kija akakunja uso, akatega sikio, halafu akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka. Wajukuu wakauliza bibi anacheka nini, naye akajibu kwa Kisukuma.

"Anasema huyo baba ni Mnyamwezi," Teodora aliwatafsiria. "Anajifanya Msukuma, lakini matamshi yanamuumbua."

Wakataka kujua kakosea wapi. Bi Kija akawatamkia neno linavyotakiwa, wakalirudia vibaya, akawasahihisha, wakalirudia tena wakicheka. Teodora akamkumbusha, kwa woga, habari ya basi.

"Liende," mama yake alisema. "Nitaondokaje, niwaache wajukuu zangu wafundishwe Kisukuma na Mnyamwezi?"