Sahani ya Breki Kutoka kwa Izzat

Sahani ya breki ilikataa. Bahgat aliigeuza hivi, ikakataa. Akaigeuza vile, ndio kabisa. Alikuwa ameketi juu ya debe tupu la rangi chini ya ngazi za nyumba yao pale Shubra, Kairo, gurudumu la mbele la pikipiki limelala miguuni pake, fulana imemganda mgongoni kwa jasho. Tundu la katikati lilikuwa dogo, ekseli haipiti. Ukingo wa nje nao, uliotakiwa ukae ndani ya mdomo wa gurudumu kama kifuniko kwenye sufuria yake, ulikuwa unachezacheza. Hapo ndipo palipomchanganya. Kitu kikibana, kibane kote; kikipwaya, kipwaye kote. Hiki kinabana katikati na kupwaya pembeni, ni kitu gani jamani?

"Baba Nermin!" mkewe Sawsan alimwita kutoka ghorofa ya pili, ameegemea ukuta wa roshani. "Unafunga breki au unajifungua? Nikuitie mkunga?"

"Niitie malaika wa subira," alijibu bila kuinua kichwa.

"Huyo alishahama nyumba hii siku niliyoolewa. Chai hiyo inashuka, pokea."

Kikapu kikashuka kwa kamba, ndani yake gilasi ya chai na mkate wenye maharage. Bahgat akanywa, akaitazama tena ile sahani. Pikipiki ilikuwa Jawa ya zamani, nyekundu, yenye kigari cha ubavuni cha kubebea abiria, na hicho kigari kilikuwa cha Sawsan. Kila mwaka, siku ya Sham en-Nessim, Kairo yote inapomiminika kwenye majani na maji kula samaki wa chumvi na vitunguu vibichi, Bahgat alimpakia mkewe humo na kumpeleka bustani za Qanater. Mwaka uliopita hawakwenda. Sawsan alikuwa amelala hospitalini, kifua kimepasuliwa na kushonwa, na Bahgat alikaa kitini karibu yake akiwa ameshika kiatu kimoja cha mkewe, hajui kwa nini. Alipozinduka, neno lake la kwanza la maana lilikuwa, "Mwakani utanipeleka kwa kigari changu. Sitaki teksi ya mtu."

Basi sasa ndio hiyo mwakani. Na mtu anayekaa kwenye kigari kile yuko chini, mbele, hana hata usukani wa kushika. Breki ya mbele ikikosea, wa kwanza kukutana na lori ni yeye.

Sahani ya zamani ilikuwa imepata ufa. Bahgat aliiona akaifungua siku hiyohiyo, akaenda nayo soko la spea. Na pale sokoni kuna jambo moja ambalo hata mgeni hujifunza mapema: hakuna anayetaja jina la kitu. Unakuja na kile kilichoharibika mkononi, ndiyo sampuli yako, wanakupimia mbele ya macho yako. Sampuli ya orijino haiachwi dukani. Mwenye duka akikwambia, "Niachie tu nikutafutie," unacheka, unairudisha mfukoni, unakwenda duka la pili. Sampuli anaachiwa ndugu peke yake. Bahgat alimwachia Izzat.

Kwani angemwachia nani mwingine? Yeye na Izzat walikuwa wapeleka barua wa jeshi, pikipiki kwa pikipiki, wakila vumbi la jangwa pamoja na kugawana sigara moja. Izzat ndiye shahidi aliyetia sahihi kwenye ndoa yake. Bahgat alipoingia kazi ya posta, Izzat alifungua duka la spea za pikipiki za kale, na tangu hapo hakuna skrubu iliyoingia kwenye ile Jawa bila kupita mikononi mwa Izzat.

Na Izzat hakumwangusha. Alimletea kitu mpaka nyumbani, kimefungwa karatasi ya nta ya rangi ya chai, yenye maandishi ya Kicheki yaliyofifia. Akakibusu, akakigusisha kipaji cha uso, kama watu wafanyavyo kwa mkate uliookotwa chini.

"Orijino, Baba Nermin. Imelala bohari tangu mimi na wewe tuna nywele."

"Wewe hukuwahi kuwa na nywele, Baba Hazem. Sampuli yangu je?"

"Iko kwa mtu wa bohari. Nitakuletea siku ya sikukuu, tukionana Qanater. Mwambie Mama Nermin nimemtafutia kivuli kizuri, mke wangu Tahani anamwandalia mayai ya rangi." Kisha akamshika bega. "Ila mwendo wa taratibu, eh? Umri huo sio wa kukimbizana na vijana."

Bahgat aliona hiyo ni huruma ya rafiki. Ikampendeza.

Sasa alimpigia simu kutoka chini ya ngazi. "Izzat, kitu hakikai."

"Hakikai vipi? Kitu kilitoka kwa mama yake! Gurudumu lako ndilo limevimba, limezeeka kama magoti yako. Piga tupa kidogo."

"Kupiga tupa kitu cha orijino?"

"Kidogo tu. Mkono wako ninaujua, utakipendezesha."

Na huyu mtu, jamani, akapiga tupa. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Alikuwa na macho, alikuwa na vidole, vyote vinamwambia hiki kitu si chenyewe, naye akaviambia vinyamaze kwa sababu Izzat amesema. Alijilaumu mwenyewe. Alisema macho yake yamechoka, akavaa miwani ya mkewe. Alisema gurudumu limepinda, akalipima, halikupinda. Akatanua tundu la katikati, akakata kipande cha bati la kopo la samli na kukizungusha ukingoni ili kuzuia kule kupwaya. Jioni sahani ikakaa. Ilikaa kwa shingo upande, lakini ilikaa.

Asubuhi ya pili akaipeleka barabarani, kigari kitupu. Akatoka taratibu hadi kona ya duka la juisi, akarudi, akakamata breki. Hakuna kitu. Akakamata tena, na safari hii gurudumu likakamatika lote kwa ghafla, pikipiki ikazunguka kwa nyuma, na pua ya kigari ikazama ndani ya mkokoteni wa saladi wa Mama Shirin.

"Nifukie kabisa!" alipiga kelele Mama Shirin, majani yamemjaa kichwani. "Nifukie, uniswalie, ule na sadaka! Miaka yote nauza hapa, hata tramu haikunigusa, nije niuawe na mstaafu wa posta!"

Mtaa mzima ukatoka. Kinyozi akatoka na mteja mwenye povu nusu uso. Bahgat aliomba radhi kwa Mama Shirin, akaokota saladi moja moja, akazinunua zote zilizopondeka. Hakuna aliyeumia. Lakini alipoinuka akakitazama kigari: kioo chake kidogo cha mbele kilikuwa kimevunjika vipande, na kile kiti cha ngozi ambacho Sawsan alikishonea mto kilikuwa kimejaa vigae. Akakaa chini pale pale kwenye majani ya saladi, na watu wakadhani ameumia.

Aliirudisha pikipiki kwa kuisukuma. Akalifungua gurudumu, akaitoa ile sahani, akaiosha kwa mafuta ya taa, akaisugua kwa mswaki mpaka ile rangi ya kijivu iliyokuwa imepakwa ikaanza kutoka. Upande wa ndani, kuzunguka tundu la katikati, vikatokea vishimo. Vidogo, vimetawanyika ovyo, kimoja kirefu kama kucha.

Bahgat aliweka mswaki chini, akavipapasa kimoja kimoja kwa kidole.

Vishimo vile alivipiga yeye. Mwaka waliooana, wakirudi kutoka ufukwe wa Ras el-Barr, tundu la sahani lilikuwa limelegea barabarani, na mafundi wana dawa ya kulegea huko: unagonga vishimo kuzunguka tundu ili chuma kivimbe kidogo, kibane. Hakuwa na zana. Aligonga kwa msumari na jiwe, Sawsan ameketi kando ya barabara anakula pea na kumcheka, na kile kirefu ni pale jiwe lilipoteleza kwa sababu alikuwa anamtazama yeye badala ya msumari. Sasa vilikuwa hapa, kwenye kitu kilichodaiwa kutoka kiwandani Chekoslovakia, ndani ya karatasi ya nta. Havikuwa vikali tena. Vilikuwa butu, kama vilizaliwa pamoja na chuma chenyewe.

Hapo ndipo akili yake iliporuhusiwa kufanya kazi. Chuma kikipoa hunywea, kama sweta lililofuliwa kwa maji ya moto. Msubu chuma mwaminifu, anayekiyeyusha na kukimimina kwenye umbo la mchanga, huchonga kielelezo cha mbao, akakizidisha kidogo, ili kitu kikishapoa kiwe saizi yake. Mwizi hana muda wa mbao. Anachukua orijino yenyewe, anaigandamiza kwenye mchanga, anaitoa, anamimina. Kinachotoka kinafanana kila kitu, hata makovu, lakini kila mahali kimepungua: ukingo umepungua ukapwaya, tundu limepungua likabana.

Alipanda ngazi akiwa nayo mkononi, akaiweka juu ya meza ya kulia, juu ya kitambaa cheupe, mafuta na yote. Sawsan hakugomba. Aliviangalia vile vishimo, akavigusa.

"Hii si ile ya Ras el-Barr?"

"Ni mtoto wake."

Akamweleza. Sawsan akasema, "Izzat."

"Usiseme hivyo. Labda na yeye kauziwa mbuzi kwenye gunia. Mtu wa bohari kachukua sampuli, kamtengenezea feki, kamfungia karatasi. Izzat atajuaje? Yeye ni muuzaji tu."

"Mpigie umuulize."

"Kwenye simu siulizi. Nataka nimwone uso."

"Unaogopa."

"Ndio, naogopa!" alifoka, na sauti ikamkatika. "Nitabaki na nani, Sawsan? Nikimtoa huyu, nabaki na nani?"

Kwa hiyo Jumatatu ya sikukuu walikwenda Qanater na basi. Sawsan alivaa kofia yake ya majani, ile ya kupandia kigari, ingawa ndani ya basi hakukuwa na upepo wa kuipeperusha. Bahgat alibeba kikapu cha vitunguu na mkate, na chini ya mkate, sahani. Njia nzima alikuwa anamtengenezea Izzat maneno ya kujitetea. Atasema, hata mimi nimeibiwa, Bahgat. Atasema, twende sasa hivi tukamkamate huyo mwana haramu. Na mimi nitasema, kaa kwanza ule. Aliyapanga vizuri hivyo, kwa mapenzi, mpaka akaanza kuyaamini.

Bustani ilikuwa imejaa. Harufu ya samaki wa chumvi ilitanda juu ya majani yote, watoto wanagonganisha mayai yao ya rangi, redio zinashindana. Izzat na Tahani walikuwa wametandika mkeka penye kivuli kweli, karibu na maji. Izzat aliwaona kabla hawajafika. Alisimama. Hakuwapungia mkono kwanza. Alinyoosha shingo akatazama nyuma yao, kule barabarani wanakoegesha pikipiki, akatazama tena miguu yao yenye vumbi la kituo cha basi. Uso wote ukamfunguka. Akaweka mkono kifuani.

"Alhamdulillahi! Mmekuja na basi! Wallahi mmefanya la maana, mmenituliza roho!"

Bahgat alisimama pale alipofika. Yale maneno yote aliyompangia yakamwishia kinywani. Izzat alikuwa hajaulizwa swali, hajaonyeshwa kitu, na ameshajibu.

"Roho yako ilikuwa na nini, Izzat?" aliuliza taratibu.

"Eh? Hapana, nasema... foleni. Sikukuu, unajua vijana wanavyoendesha."

Bahgat aliingiza mkono chini ya mkate, akaitoa sahani, akaiweka mkekani katikati ya mayai. Tahani, aliyekuwa anamenya kitunguu, akaacha kumenya. Izzat aliitazama, kisha akaketi, na alipoketi alionekana mzee.

"Kuna jamaa mtaa wa Sabtiyya anasubu chuma," alisema. "Aliniambia zitatoka sawa. Za mwanzo zilikuwa mbaya, hizi afadhali. Watu wananililia dukani kila siku, Bahgat, na waliotengeneza zile za kweli wamekufa wote. Nifanye nini? Na yako nilikuchagulia mwenyewe, kwa mkono wangu. Ndiyo nzuri kuliko zote."

"Ulinichagulia."

"Wallahi."

"Na yangu iko wapi?"

Izzat alikuna kidevu. "Bado iko kwenye mchanga. Wateja ni wengi."

"Wateja wangapi wanaendesha na hii?"

"Nawaambia waende taratibu." Akaongeza, "Wakiuliza kama ni salama, nawaambia hata Bahgat amefunga moja kwenye pikipiki inayombeba mkewe."

Bahgat alitaka kumpiga. Alitaka kumwinamia amkumbatie kama kila mwaka. Hakufanya lolote, alisimama tu na mikono yake yenye harufu ya mkate.

"Ningekwambia," Izzat alisema, na sasa alikuwa anamsihi, ameinua viganja. "Wewe ndugu yangu, ningeshindwaje kukwambia? Sikutaka kuwaharibia siku. Nilisema acha sikukuu ipite kwanza, ikishapita tu namwambia."

Sawsan alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili mbele ya kifua, pale penye kovu.

"Ikishapita, Izzat," alisema, "ungemwambia nani?"

Tahani akaanza kulia.