Mwalimu wa Nafasi ya Tatu

Gereji ilikuwa na nafasi sita, kila moja imechorewa mistari ya njano sakafuni. Mtu alikodi nafasi kwa saa, akapewa jeki, spana na vyuma viwili vya kuegemeza gari, halafu akajitengenezea mwenyewe. Waliokwenda pale ni wale wasioweza kumlipa fundi: muuza mayai na kigari chake, dereva wa teksi, mwalimu wa hesabu. Mwenye gereji walimwita Kufuli, kwa sababu hata bisibisi aliifunga mnyororo.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, mwalimu wa hesabu alikodi nafasi ya tatu ili abadilishe bomba la moshi. Kabla ya kuingia chini ya gari, alimwonyesha Kufuli ufa kwenye mguu wa chuma kimoja.

"Hiki kimeshachomelewa mara mbili," alisema.

"Kimebeba magari mwaka mzima," Kufuli akamjibu. "Kitashindwa na hako kagari kako?"

Kilishindwa saa nne na nusu.

Kufuli aliwahi msibani, akapanga viti, akalia kuliko ndugu wa marehemu. Karatasi ambayo mwalimu alitia saini mlangoni ilisema kila mteja anaingia kwa hiari yake. Askari waliisoma, wakaikunja, wakamrudishia Kufuli.

Siku ya kumi baada ya mazishi, muuza mayai alikuwa chini ya kigari chake akihangaika na nati. Chuma kiliteleza, lakini kigari hakikushuka. Aligeuza kichwa, akamwona mwalimu amelala chali kando yake, viganja vyote viwili amevikita kwenye chesisi.

"Asante, mwalimu," alisema muuza mayai.

"Unakaza badala ya kulegeza," mwalimu akamwambia.

Kufuli aliitwa, akaja, akainama, akatazama. Mchana ule ule aliwaita watu wa vyuma chakavu, wakabeba vyuma vyote vya kuegemeza. Kisha akapaka mistari upya, ikakaribiana, nafasi zikawa nane. Mwalimu alihama kutoka gari hadi gari. Wateja walipozidi, alishika moja kwa mikono na la pili kwa miguu, na waliobaki wakasubiri zamu.

Mke wa mwalimu alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi. Habari alipewa na dereva wa teksi, ambaye alidhani muuguzi anazo tayari. Alikwenda na sare yake ya kazi, akachuchumaa penye nafasi ya tatu.

"Kumbe uko huku," alisema.

"Nilitaka nipite nyumbani kwanza," mwalimu alijibu kutoka chini. "Lakini kulikuwa na mtu chini ya gari."

"Basi toka, twende."

"Bado yupo, mama watoto."

Ni kweli alikuwepo, akichezea breki na kupiga mluzi. Muuguzi alingoja. Mtu yule alipotoka, mwingine aliingia kabla mwalimu hajakunja viwiko.

Tangu siku hiyo alipita kila alipotoka zamu, na kichupa cha dawa ya kuchua. Aliingiza mkono chini ya gari, akamchua mumewe vifundo vya mikono, akimweleza habari za nyumbani: binti ameshuka kutoka daraja la kwanza shuleni, hesabu zimemshinda tangu msiba. Mwalimu alisikiliza. Wakati mwingine alimwagiza, "Mwambie asianze na jibu, aanze na swali." Viganja vyake vilikuwa vimeingia alama za chesisi, kama mkate uliokandamizwa na wavu.

Mwishowe muuguzi alinunua vyuma vipya viwili, vizito, akavibeba kwa teksi hadi kwa Kufuli.

"Viweke chini ya magari, mume wangu apumzike."

Kufuli alivigonga kwa kidole. "Vizuri sana hivi. Ila shemeji, siruhusu kifaa cha nje. Likitokea la kutokea, nani atajibu?" Akaviingiza stoo, akafunga.

Muuguzi aliwageukia wateja, mmoja mmoja. Aliwaomba wagome siku moja tu, Kufuli aone. Muuza mayai aliinamisha macho, akafuta spana ambayo tayari ilikuwa safi.

"Shemeji, nina watoto wanne," alisema. "Chuma kinaweza kunidanganya. Mwalimu hajawahi."

Dereva wa teksi yeye alisema atafikiria. Akaingia chini ya teksi yake kufikiria.

Muuguzi aliandika barua serikalini, na mkaguzi akaja. Alipima urefu wa mlango, akahesabu ndoo za mchanga wa kuzimia moto, akachungulia nafasi ya tatu. Alimwuliza mwalimu kama ana malalamiko.

"Kuna watu wawili chini," mwalimu alisema.

Mkaguzi akaandika: *Vifaa vya kuegemeza vipo na vinafanya kazi.*

Jumapili gereji haifunguliwi. Siku hiyo mwalimu huruhusiwa kwenda nyumbani. Hupita sokoni, husalimia majirani, nao humwuliza afya. Mkewe humtandikia mkeka sebuleni kwa sababu godoro humwumiza mgongo. Akilala, mikono hunyanyuka yenyewe, viganja vikatazama dari. Mkewe huishusha taratibu, akaibana ubavuni kwa mito; kabla hajamaliza kukunja shuka, imeshanyanyuka. Binti hukaa karibu na daftari lake. Haulizi kitu, maana hiyo ndiyo mara pekee baba anayosinzia.

Jumatatu saa moja kasoro honi hulia mlangoni. Ni Kufuli mwenyewe, siku hizi anamfuata kwa gari. Hateremki.

"Shemeji," huita kupitia dirishani, "mwamshe, tayari kuna watu chini."

Na muuguzi, anayewajua wake zao wote kwa sababu amewazalisha, humwamsha.