Karte ya Nyumba ya Matofali

Watu wanasema Emérita iko na kichwa gumu. Ni kweli, leo sitawabishia. Kama kichwa yangu ingekuwa laini hata kidogo, Mbonigaba angekuwa bwana yangu mpaka sasa.

Ilianzia kwenye kiwanda ya mbao, hapa chini ya Masisi, mwaka 1949. Mbonigaba alikuwa anasukuma magogo kwenye musumeno. Siku moja muzungu akakuja na mashini ya picha yenye miguu tatu, akawasimamisha wote, akawaambia wasitikisike. Miezi ikapita. Mimi nilikuwa nafagia duka ya Mugiriki kila siku ya tatu, na siku hiyo nikakuta juu ya meza karte postale, zile picha gumu wazungu wanatuma kwao na posta. Naangalia: kiwanda yetu! Na nyuma ya gogo kubwa, bwana yangu, amekaza mudomo kama muntu aliyenyimwa chakula. Nilipiga kelele mpaka Mugiriki akatoka ndani kuuliza nani amekufa.

Karte ile ilikuwa imelowa mvua kwa kona, haiuziki tena. Papa Barthélemy, karani wa duka, akanipa. Tangu siku ile nikashikwa na ugonjwa wa karte. Kila moja iliyoharibika, nilikuwa naiomba: tanuru ya matofali, nyumba ya kukaushia pareto, wanawake wanachambua kahawa, mashini ya siagi. Zile za simba na za volkano sikuzitaka, wabaki nazo. Nilitaka za watu wa kazi, sababu hao naweza kuwajua. Nilikuwa naziangalia uso kwa uso. "Huyu si shemeji ya Nyiraneza? Ona, na kofia ya kuazima!" Mbonigaba alinicheka, lakini akitoka kazini, mbele ya kuuliza chakula, anauliza: "Leo umepata gani?"

Kanisani hatukuwa tumefunga ndoa. Ng'ombe ya mahari ilikuwa imefika kwa baba, nilikuwa nakaa kwa Mbonigaba kama bibi yake, na padri alituambia tumalize mafundisho, atatufungisha Pasaka ya 1951. Pasaka haijafika, wakakuja watu kuandika wanaume kwa kazi ya mawe ya bati, kule Walikale, katikati ya pori. Miaka tatu. Mwenye bibi anapewa nyumba ya matofali. Asiye na bibi analala kwenye nyumba ndefu, kitanda kwa kitanda. Tulitaka kwenda wote wawili. Lakini mama yangu alikuwa amepooza upande mumoja, na mimi njo binti yake pekee.

"Kaa na mama," Mbonigaba akasema. "Mimi nitalala na wale wasio na bibi. Miaka tatu itaisha."

Akaenda na miguu, na mimi nikalia siku tatu, siwafichi.

Mwaka wa kwanza salamu zilikuwa zinakuja na wapagazi: iko muzima, ameshikwa na malaria, amepona, ananenepa. Halafu kimya. Mwaka wa pili ukaisha, kimya tu.

Mwezi wa saba, 1953, Papa Barthélemy akafungua pakiti ya karte mupya za Walikale. Nikazirukia. Ya kwanza, mufereji wa kuoshea mawe. Ya pili, wanaume na mabeleshi. Ya tatu, nyumba ya matofali, maua kando ya mulango, mwanaume na shati nyeupe, mwanamuke na kitambaa ya kichwa, na mutoto katikati amewashika mikono. Mwanaume ni Mbonigaba.

"Nisomee," nikasema.

"Mama Emérita, tuliza roho kwanza."

"Nisomee, nimesema!"

Akasoma Kifaransa, kisha akanigeuzia polepole: "Walikale. Mufanyakazi na familia yake mbele ya nyumba yao."

Familia yake. Haikuwa maneno ya soko, ilikuwa imeandikwa, imepigwa kwa mashini. Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi niliyofagia. Mutoto yule alikuwa mukubwa, miaka ine hivi. Nikapiga hesabu yangu: kumbe alikuwa na huyu mwanamuke hata mbele ya kuniaga! Hapo moyo ukachomeka kabisa.

Baba akasema tungoje, akitoka muntu Walikale tumuulize. Mama akasema vile vile, na ile mudomo yake ya upande mumoja. Nikawajibu mimi si mujinga, nimeona na macho yangu mawili. Nilimusumbua baba usiku na mchana mpaka ng'ombe ikarudishwa kwa kaka ya Mbonigaba. Kulikuwa na Sebarenzi, mwanaume aliyefiwa na bibi, mwenye shamba ya maharage upande wa Kashuga. Muntu mwema, hana kelele. Mwezi wa kumi akanioa kanisani, na pete, mbele ya padri. Ndoa ya kanisani haivunjwi, munajua.

Mwezi wa pili, 1954, miaka yake tatu imeisha, Mbonigaba akarudi.

Nilikuwa kwenye kiwanja napiga maharage na fimbo, mimba ya miezi tatu iko tumboni. Nikainua macho, nikamuona amesimama, amekonda, vumbi mpaka kwa magoti.

"Kule nyumbani wananiambia umeolewa," akasema. "Nikawaambia wanadanganya."

Nikaingia ndani, nikatoka na ile karte ya Walikale, Papa Barthélemy alikuwa ameniachia, nikamutupia kwenye miguu. "Na hii? Bibi yako hajambo? Na mutoto?"

Akaiokota, akaipangusa kwa shati. Akacheka! Akacheka kwa furaha, Mungu wangu.

"Ilifika! Emérita, kumbe ilifika!"

"Wewe hauna haya hata kidogo."

"Haya ya nini? Huyu ni bibi ya Gustave, kapita wetu, ule anatusimamia kazi. Mutoto ni wa Gustave, nyumba ya Gustave, hata shati ni ya Gustave. Siku ile jicho yake ilikuwa imevimba, muzungu wa picha akamukataa. Akauliza nani atasimama pahali pake. Wenzangu wakaogopa kusimama na bibi ya muntu. Mimi nikaruka mbele."

"Sababu gani?"

"Wale wapagazi walikuwa wameachishwa kazi, salamu sina wa kumupa. Nikajua karte zinauzwa Masisi. Na wewe unaziangalia zote, uso kwa uso. Nikasema, Emérita ataniona, atajua niko muzima."

Fimbo ikanianguka.

Akaniangalia mukono wenye pete, akashuka na macho mpaka tumboni. Kicheko ikaisha usoni.

"Haukuuliza muntu?" akasema. "Hata mumoja?"

"Hapana."

Ningetaka anitukane. Ningetaka anipige na ile fimbo ya maharage. Alinirudishia karte kwa mikono miwili, kama unavyompa kitu bibi ya muntu mwingine.

"Usalimie bwana yako," akasema, na akashuka kilima.