Betri Nne za Mlango wa Mama

Kitasa cha betri cha mlango wa mama yangu kilizimika siku ileile tuliyopanga kumpeleka nyumba ya wazee, nami nikapandwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto. Nilibonyeza namba, kimya. Nikaweka kiganja kizima, kimya. Hata ule wimbo wake wa kijinga wa kuonya kwamba betri zinaisha haukulia. Na wiki iliyopita tu nilizibadilisha mwenyewe, zote nne.

"Mama, fungua. Ni mimi, Jeong-im."

Hakujibu. Niligonga mpaka jirani akachungulia, akanitazama kama mwizi, akafunga. Nikaanza kuogopa kwamba mama ameanguka bafuni. Simu ikaita. Alikuwa mdogo wangu Gi-beom, amekaa garini chini.

"Dada, unafanya nini huko juu? Wazee wenzake wanamsubiri."

"Kitasa hakina umeme."

"Yaani mlango tu unakushinda?"

"Basi panda wewe."

"Mimi mambo hayo nayajulia wapi? Fundi wa kwa mama si wewe?"

Fundi, eti. Sakafu ya kupasha nyumba joto ikikataa kupata moto, naitwa mimi. Rimoti ikigoma, naitwa mimi. Yeye huja sikukuu ya mavuno, anakula, anaoshewa bakuli, anaondoka. Hata hili la nyumba ya wazee aliliamua yeye, akanipigia simu kunijulisha tu, na mimi mjinga nikasema sawa.

Nilishuka kwa ngazi za nyuma nisiuone uso wake, nikaenda duka la pembeni. Hapa mjini Daegu kila mtu anajua dawa ya kitasa kilichozimika: betri ya mraba, ile yenye vichwa viwili juu. Kila mtu isipokuwa Gi-beom. Niliporudi niliigandamiza kwenye vile vidoti viwili vya chuma chini ya kitasa. Namba zikawaka. Nikazibonyeza kwa mkono mwingine, mlango ukafunguka.

Mama alikuwa amekaa palepale mlangoni, pa kuvulia viatu, mzima wa afya, kijiko mkononi. Kifuniko cha ndani cha kitasa kilikuwa sakafuni. Betri nne zilikuwa mapajani mwake.

"Nimegonga mpaka mikono inaniuma," nilisema. "Hukusikia?"

"Nilisikia."

Sikutaka kuamini ninachokiona. Nilichukua betri moja nikaidondosha wima sakafuni, maana iliyokwisha hurukaruka. Hii ilitua puu, ikatulia. Ya pili hivyohivyo. Zilikuwa nzima.

"Umezitoa wewe?"

"Kwa kijiko. Komeo la ndani ni gumu, vidole vyangu havina nguvu za kulizungusha."

"Mama, unajua nimepandaje na kushuka ngazi hizi? Unajua nilidhani umekufa humu ndani?" Niliziokota zile betri mbili. "Ulidhani betri zitatuzuia?"

"Gi-beom zingemzuia. Yule hata tochi hajui kuifungua." Aliniangalia bila kupepesa. "Wewe nilijua unaweza. Nilikaa hapa nione kama utafungua."

Ile betri ya mraba bado ilikuwa mkononi mwangu, imepata joto la kiganja. Nilijichukia kuliko nilivyomchukia Gi-beom, na siku hiyo nilimchukia sana.

Simu ikaita tena.

"Umefungua?"

"Nimefungua."

"Afadhali. Mshushe basi, nageuza gari."

Niliibana simu kwa bega, nikavua viatu, nikavipanga kando ya vya mama. Nikausukuma mlango ukajifunga, nikashika komeo la ndani kwa mikono miwili na kulizungusha mpaka likalia. Kwa komeo hilo, hata uwe na betri za duka zima, huingii.

"Dada? Umesikia? Mshushe."

"Hashuki."

"Kwani kitasa kimeharibika tena?"

"Kitasa ni kizima," nilimwambia. "Nimefunga mimi."