Bazimu Bote Barudi Kwabo

Ubao ulikuwa mfupi. Glodie aliupima kwa mkono, akaupima tena kwa kamba, nao ukabaki vilevile, ncha moja imeliwa na mchwa. Ulikuwa umepigiliwa juu ya lango la ile hospitali ya zamani ya wagonjwa wa akili, kando ya barabara inayotoka Kolwezi kwenda Kasaji. Karani wa komine, ofisi ya serikali ya mtaa, tata Ngeleka, alikuwa amemwagiza aandike: WENYE WAZIMU WOTE WARUDI KWAO. Eneo lilikuwa limepata mmiliki mpya, ukuta ungejengwa, na komine ilitaka ionekane kwamba imewatangazia watu.

"Tata Ngeleka, haya maneno ni mingi," Glodie alisema kutoka juu ya ngazi.

"Punguza. Si weye ndiye fundi?"

Glodie akapunguza. Aliliondoa lile WENYE. Na kwa kuwa hakuona sababu ya kukopa Kiswahili cha watu wa mbali wakati cha kwao kipo na kina afya njema, akaandika kwa rangi nyekundu: BAZIMU BOTE BARUDI KWABO. Tata Ngeleka akasoma, akasema herufi zimesimama vizuri, wakaenda kula.

Walichosahau wote wawili, kwa sababu ya njaa, ni kwamba Kolwezi bazimu ni wafu.

Wenye maradhi ya akili hawakuwemo tena mle ndani. Zamani, serikali ilipokuwa bado inaikumbuka hospitali, walikuwa wengi: walisuka vikapu, walilima makabichi, na jikoni mlikuwa na sufuria ambazo mtu mzima angeweza kuogea. Kisha mishahara ikaacha kufika, wauguzi wakaondoka mmoja mmoja, na siku moja mlango ukafungwa kwa kufuli, wagonjwa wakiwa ndani. Hakuna aliyetangaza kwamba imefungwa. Watu waling'oa mabati, kisha madirisha. Wagonjwa ambao ndugu zao hawakuja kuwachukua walikufa kwa baridi na njaa, wakazikana wenyewe nyuma ya jiko, penye makabichi, hadi akabaki wa mwisho, ambaye alijilaza tu.

Sasa hao walikuwa watu wa nidhamu. Kwa miaka mingi waliamka kwa kengele, wakameza vidonge kwa kengele. Walipoona amri langoni, waliisoma, wakakung'uta udongo kwenye kanzu zao za buluu, wakaondoka alasiri ileile.

Mji uliwapokea bila makelele. Wenye pikipiki waliwapenda kwa sababu hawana uzito na hawalalamiki njiani. Waliotoka Kisenge na Dilolo walikwenda stesheni kungoja treni, nao peke yao, kati ya wasafiri wote, hawakuuliza itafika lini. Mama Kankolongo, jirani wa Glodie, alirudishiwa mume wake, aliyepelekwa hospitalini kwa kosa la kumcheka mkubwa wa kazi kwenye mkutano. Alikuwa bado anacheka. Mama Kankolongo alimpakulia bukari, ule ugali wa kwao, na samaki, akamwambia ale kwanza, acheke baadaye.

Glodie alikuwa uani anaosha brashi kwa petroli mama yake alipoingia.

"Weye ni Glodie?"

"Ni miye, mama."

"Umerefuka."

Glodie alikuwa amelelewa na mjomba wake Gaston Beya, ambaye siku zote alimweleza kwamba mama yake, Tshiela, alikwenda Dilolo kuuza vitambaa, akavuka mpaka kuingia Angola, akapenda huko.

"Na Dilolo kuko namna gani?" Glodie aliuliza.

"Sikufikaka Dilolo. Nilikuwa hapa tu, nyuma ya makabichi." Tshiela alivua kandambili zake, akaziweka mlangoni. "Kaka yangu alitaka kiwanja hiki baba yako alichotuachia. Nikakataa. Akaleta gari na wanaume wawili, akasema naongea peke yangu. Ni kweli nilikuwa naongea peke yangu. Hakukuwa mutu wa kunisikiliza."

Kisha akasema amechoka, akaenda chumbani kwake kulala.

Chumbani kwake palikuwa na shimo. Tangu watu wagundue kwamba chini ya nyumba za mtaa ule kuna kobalti, Gaston alikuwa amewaleta wachimbaji, na mshipa mzuri ulipita pale pale, chini ya kitanda cha zamani cha dada yake. Tshiela aliutazama mdomo wa shimo, akatandika mkeka juu yake, hewani, akajilaza. Mkeka haukubonyea.

Alfajiri wachimbaji walifika na taa zao vichwani. Aliyetangulia alikuwa Guelord, kijana wa Kasai mwenye mdomo mwepesi.

"Mama, pardon, tupite."

Tshiela alikuwa amelala. Guelord alijikuna shingo. Ili kushuka, ilibidi amruke, na hakuna mtu aliyezaliwa na mwanamke anayemruka mama aliyelala.

"Ruka!" Gaston alisema. "Ni mufu huyu!"

"Tata Gaston, ruka weye kwanza. Ni dada yako."

Gaston hakuruka. Wachimbaji wakakaa uani, wakanywa chai ya Glodie, wakacheza karata. Siku iliyofuata ilikuwa hivyohivyo. Tshiela aliamka jioni tu, akaja kukaa na binti yake, akamwonyesha namna ya kusuka kikapu, akimcheka kwa vidole vyake vya mpaka rangi. "Hiki ni kikapu ao ni kiota?" Glodie hakuwahi kuchekwa na mama yake. Alisuka vibaya makusudi.

Gaston alikwenda kushitaki kwenye komine. Huko aliwakuta wengine, maana nyumba nyingi zilikuwa zimerudiwa na mtu ambaye chumba chake kimeshachukuliwa. Tata Ngeleka alituma watu wang'oe ubao, wakauchoma. Wafu hawakutikisika. Walieleza, kwa adabu, kwamba hospitalini kwao daktari aliyekupa ruhusa ya kwenda nyumbani ndiye peke yake aliyeweza kuifuta, tena kwa kinywa chake, kwa kusema amekosea na kuomba radhi. Walikuwa wameona hilo likitokea mara nyingi. Wengine walirudishwa wakiwa wameshafika barabarani na mabunda yao. Na ruhusa ya safari hii ilitoka mkononi mwa Glodie.

Basi Jumamosi watu wote wakakusanyika uwanja wa komine, walio hai na wafu, wakigawana karanga. Mume wa mama Kankolongo alicheka tangu mwanzo. Tata Ngeleka alimkabidhi Glodie megafoni.

"Neno moja tu, mwanangu. Sema ulikosea. Sema pardon. Barudi kwabo, tumalize."

"Kwabo ni wapi, tata?"

"Pale nyuma ya jiko."

"Pale munajenga ukuta."

"Ndani ya ukuta, basi. Watakuwa na usalama."

Glodie alimgeukia mjomba wake, aliyekuwa mstari wa mbele, amevaa suti. "Mujomba, weye utamwomba mama pardon?"

Gaston alikung'uta maganda ya karanga kwenye suti yake.

"Na komine itabaomba pardon bale walifungiwa mulango?"

"Ile hospitali ilifungwa mimi sijaanza kazi," tata Ngeleka alisema kwa upole. Kisha, kwa sababu alikuwa mtu mkweli, akaongeza: "Na usijidanganye. Hata ukikataa, kiwanja kiko kwa jina la Gaston. Ukuta utaendelea. Komine haimujui mutu anaitwa Tshiela, hai wala mufu."

"Najua, tata."

Tshiela alisogea, akaweka mkono wake mwepesi begani kwa binti yake. "Sema tu kama utataka. Miye nimezoea kurudishwa."

Hata yule wa kucheka alingoja. Glodie aliinua megafoni, akaipuliza kidogo kuona kama inafanya kazi. Ilikuwa inafanya kazi, ikasikika hadi sokoni.

"Mi sitaomba pardon," alisema.