Njia Iliyohamia kwa Hiza

Haya ninayoyaeleza ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na niko tayari kuapa mbele ya shehe, padri na karani yeyote atakayejitokeza; na atakayenishika uongo, kahawa ya baraza nzima nalipa mimi.

Mwaka ule reli ilipofika Mombo, Wajerumani waliwaachisha kazi watandika reli wote kwa siku moja. Hiza alirudi kijijini kwao, kati ya Korogwe na Hale, akiwa na blanketi, sufuria na miguu isiyotulia. Kwa miaka mitatu miguu hiyo ilikuwa imepiga hatua taruma kwa taruma katikati ya reli, na sasa hata uani ilikwenda kwa kipimo kilekile, kutoka jikoni hadi bandani, kutoka bandani hadi jikoni.

"Utanichimbia mtaro hapa," mkewe Zuena alimwambia. Alikuwa na mimba ya miezi minane, na uvumilivu wa ziada hakuwa nao.

Mwezi huohuo Mzungu mwenye shamba la mkonge alizungusha senyenge mpaka ukingoni mwa mto Pangani. Njia ya kijiji ya kwenda kuteka maji ikabaki ndani. Wanawake wakawa wanalizunguka shamba zima. Wanatoka alfajiri, wanarudi adhuhuri, kila mmoja na mtungi wake mmoja, Zuena na tumbo lake akiwa wa mwisho. Wanaume wengine walikuwa na vibarua. Asiyekuwa nacho alikuwa Hiza, kwa hiyo yeye ndiye aliyetumwa kwa akida, mtawala wa Wajerumani pale Korogwe, akaombe njia ifunguliwe.

"Bibi, mdomo mnao. Kwa nini mimi?" alimuuliza Mashavu, kikongwe wa jirani.

"Sisi tuna mitungi kichwani, mjukuu wangu. Kichwa chako ndicho kilicho wazi."

Hiza alikwenda Korogwe mara tatu. Mara ya kwanza akida alikuwa anakula. Mara ya pili alikuwa anapumzika baada ya kula. Mara ya tatu alikunjua ramani, akaipitishia kidole taratibu, akasema, "Hapa hakuna njia. Wala haijapata kuwapo."

"Bwana akida, bibi zetu wamepita hapo maisha yao yote."

"Basi niletee ushahidi. Mwenye shamba wake ameleta."

Jumatano iliyofuata, wakati wa kuanika mtama, njia ilikuja kwa Hiza. Ilichomoka chini ya senyenge, ikapita nyuma ya mihogo, ikaingia uani na kujikunja kando ya kinu. Ilikuwa nyekundu, upana wake mtu mmoja na mtungi, na ncha yake moja ilikuwa bado na tope la mtoni. Kuku waliisogelea, wakaidonoa, wakaona haina kitu, wakaenda zao.

"Huyo mgeni wako," Zuena alisema. "Mimi maji ya kumkaribishia sina."

Njia nayo haikutulia. Ilijigeuza ubavu, ikajinyoosha, ikajikunja tena, na kila mara ilielekeza ile ncha yenye tope upande wa mto. Siku mbili nzima walizungukazunguka uani, Hiza na njia, mpaka Zuena akawaambia watoke wote wawili.

Mashavu alikuja kuikagua. Aliinama, mkono mmoja kiunoni. "Wayo huu ni wa marehemu mama, tazama kidole kilichopungua. Na huu wangu, siku niliyovunja mtungi. Unaona nilivyokimbia?" Wanawake wengine nao wakajitafuta, wakajipata mmoja mmoja.

Wakaikunja kama mkeka, wakaifunga kwa kamba za mgomba. Ilikuwa nzito na haikuacha kujinyonganyonga. Hiza akaitwika, wanawake kumi na wawili wakamfuata nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu Mombo alitembea kwa hatua zake mwenyewe.

Waliitandika mbele ya baraza ya akida. Ilizunguka uwanja mara nne ndipo ikaenea. Akida alivua makubazi, akaipima kwa miguu kutoka ncha hadi ncha, akarudi kitini.

"Ni njia," alikiri. Vigelegele vikapigwa. "Hatua mia nane. Ngoja niandike. Kijiji hiki kina njia."

Kigelegele kilimkatikia Mashavu kooni, maana amri aliijua: kila kijiji kinalima njia iliyo kwake, bila ujira.

"Na siku hizi inakaa wapi?" akida aliuliza, kalamu mkononi.

"Uani kwangu, bwana," alijibu Hiza upesi, akidhani anasaidia.

"Basi mtailima hapohapo. Kila Ijumaa. Nikikuta majani, viboko hamsa ishirini. Na kwa kuwa wewe huna kazi, utakuwa msimamizi."

Hivyo Hiza akapata kazi.

Hata hivyo, wiki ileile mwenye shamba alipata habari, akaona haya, akaagiza senyenge ifunguliwe, na Zuena akashuka mtoni akiimba...

Hapo Zamda, mjukuu wa Mashavu, ameweka kikombe chini.

"Ngoja, mzee wangu. Njia kuhama, nakubali, bibi alinionyesha ilipokuwa inalala. Kukunjwa kama mkeka, nakubali. Lakini Mzungu kufungua senyenge? Kwa haya? Lipa!"

Nimelipa. Kahawa ya baraza nzima, na kashata za Zamda peke yake.

Senyenge haikufunguliwa. Zuena alijifungulia kwenye mzunguko, nyuma ya mkonge, baada ya kuutua mtungi kwanza ili usimwagike. Njia ililimwa kila Ijumaa uani kwa Hiza, ikawa safi kuliko zote za Korogwe, mpaka Wajerumani walipoondoka. Kila alfajiri ilijinyoosha kuelekea mtoni, na kila alfajiri Zuena, mtoto mgongoni na mtungi kichwani, aliiruka, akashika upande wa mzunguko.